Taa ya Buluu, Taa Nyekundu: Kulijua Joto la Injini ya Gari Ulilonunua Juzi

Shemeji yangu alinipigia simu alfajiri, jua halijachomoza vizuri. Gari alikuwa amelichukua jana yake jioni, Passo ya rangi ya fedha, na usiku kucha lililala nje ya nyumba yake Chumbageni huku akitoka kila mara kulichungulia. "Shemeji, nimewasha, kuna taa ya buluu haitaki kuzimika. Nizime gari au niendelee?" Nikamwuliza inafananaje. Akafikiri, akasema ni kama mlingoti wa jahazi uliosimama juu ya mawimbi. Mtu wa Tanga huyo, hata kipimajoto anakiona jahazi. Nikamwambia aende taratibu mpaka Raskazone, akifika asimame ndipo anipigie. Alipopiga, taa ilikuwa imeshazimika na sauti yake imepona.

Mwezi haujaisha akapiga tena, safari hii kutoka Korogwe. Taa nyekundu ilikuwa imemwakia maeneo ya Hale, akajiambia, "Nifike tu Korogwe, mafundi wapo pale." Yeye alifika. Hedi ya injini, kile kifuniko kizito cha juu yake, ilifika imepinda.

Sehemu ya kosa hilo ni yangu. Ile asubuhi nilimweleza taa ya buluu nikadhani nimemaliza, kumbe kati ya buluu na nyekundu kuna kimya kirefu ambacho dashibodi haisemi neno, na habari zote za injini zimo humo. Haya hapa chini ndiyo niliyopaswa kumwambia tangu siku ile.

Zijue taa zenyewe kwanza

Magari mengi madogo tunayoletewa kutoka Japani, kama Passo, Vitz na Honda Fit, hayana mshale wa joto. Yana alama moja tu ya kipimajoto kilichochovywa majini. Ikiwaka buluu, maji ya injini bado ni ya baridi. Ikizimika, maji yameshapata joto. Ikiwaka nyekundu, au ikaanza kumweka nyekundu (kuwaka na kuzima), injini inachemsha. Basi. Hakuna rangi ya kukuambia kwamba "sasa joto limezidi kidogo, angalia."

Wenye mshale wasijione wamesalimika. Mshale ule una C upande wa baridi na H upande wa moto, na wengi hudhani unapanda na kushuka sawasawa na joto lenyewe. Katika magari mengi ya sasa sivyo. Watengenezaji wameutuliza ukae katikati hata joto linapocheza kwa nyuzi 20 au zaidi, ili dereva asihangaike bure. Kwa hiyo ukiuona umeondoka katikati ukapanda, hata kwa unene wa kucha, usiseme ni kidogo. Umeshachelewa kukuambia.

Usiichanganye na ndugu zake. Ile inayofanana na birika la kizamani linalodondosha tone ni ya presha ya oili. Ya njano yenye umbo la injini ni ya kompyuta ya gari. Yenye gari na ufunguo, au gari na kufuli, ni ya ulinzi dhidi ya wezi. Na yule dada wa Kijapani anayeongea kila ukiwasha gari, ambaye abiria wako watakuuliza anasema nini, hana habari yoyote ya injini. Analalamika kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara za kwao. Mwache aongee.

Hatua ya kwanza: hakikisha taa zina uhai

Taa iliyokufa na injini iliyo salama zinafanana: zote haziwaki. Ndiyo maana hili linatangulia.

Asubuhi, kabla gari halijawashwa, peleka ufunguo hadi ON bila kuwasha injini. Kwa gari la kitufe, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Dashibodi itachanua kama mti wa sikukuu. Injini ikiwa ya baridi, buluu lazima iwepo. Nyekundu nayo, katika magari mengi, hujionyesha kwa sekunde chache halafu huondoka, kama mlinzi anayekohoa ujue yuko macho. Kama kwako haionekani kabisa, tafuta mwenye gari kama lako, mwaka ule ule, mlinganishe. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani, piga picha ukurasa wenye alama za dashibodi, programu ya tafsiri kwenye simu itakutolea maana ya kutosha.

Kuna watu huchomoa balbu au hubandika gundi nyeusi nyuma ya dashibodi ili gari liuzike. Sisemi aliyekuuzia kafanya hivyo. Nasema angalia.

Hatua ya pili: ipime saa taa ya buluu

Hapa chukua muda wako, kwa sababu buluu ina maneno mengi kuliko watu wanavyoipa.

Gari lililolala usiku kucha liwashe, tazama saa, subiri nusu dakika injini itulie, kisha ondoka mwendo wa upole. Kwa hali yetu ya Tanga, ambapo hata alfajiri ya Julai joto huwa nyuzi 20 au zaidi, taa hiyo kwa kawaida huzimika ndani ya dakika mbili mpaka tano za kuendesha. Fanya hivyo asubuhi tatu mfululizo na uandike dakika pahali, hata nyuma ya risiti ya mafuta. Hicho ndicho kipimo cha gari lako, si la jirani.

Ikiwa bado inawaka, usipige resi na usikimbilie mwendo mkali. Oili bado nzito, vyuma havijatanuka vikakaana. Lakini pia usilisimamishe gari uani likinguruma dakika kumi na tano eti linapata moto. Hiyo desturi ilikuwa na maana kwa injini za zamani za kabureta. Leo unachoma mafuta tu na kuwaamsha majirani.

Sasa tafsiri zake.

Ukizima gari mchana ukarudi baada ya nusu saa, buluu isipowaka ni sawa. Maji bado yana joto lake. Lakini kama haiwaki hata alfajiri, taa yenyewe au sensa yake ina kasoro. Na kama umekwenda kukagua gari kwa muuzaji asubuhi mapema na buluu haikuwaka, weka kiganja juu ya boneti kabla hamjaanza kuzungumza bei. Ikiwa ya moto, ujue kuna mtu ameliwasha kabla hujafika. Injini ngumu kuwaka ikiwa ya baridi, au inayotoa moshi dakika za kwanza, hufichwa hivyo hivyo.

Ikichukua dakika kumi, kumi na tano ndipo izimike, au ikazimika vizuri mjini kisha ikarudi kuwaka ukiwa kwenye mwendo wa themanini barabara ya Muheza, upepo unapiga mbele, basi thamostati imekwama ikiwa wazi, au haipo kabisa. Hilo la kutokuwepo si mzaha. Thamostati ni mlango mdogo unaoziba njia ya maji kwenda kwenye rejeta, kile kipozeo cha maji kilicho mbele ya gari, mpaka injini ipate joto. Magari mengi ya Toyota huifungua karibu nyuzi 82. Gari likichemsha, wapo mafundi ambao dawa yao ya kwanza ni kuing'oa na kuitupa, wakikuambia kwetu huku joto, hiyo ni ya nchi za baridi. Nimeambiwa maneno hayo mara nyingi, na fundi aliyewahi kuniambia aliyasema kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa nayo.

Si kweli. Bila thamostati injini hukaa na ubaridi, kompyuta inadhani ndiyo kwanza gari limewashwa, inaendelea kumwaga mafuta ya ziada. Mafuta yanaliwa, oili inachafuka upesi, na ugonjwa uliosababisha gari lichemshe uko pale pale, umefunikwa kitambaa tu. Ukinunua gari la mkononi lenye buluu inayochelewa, usiulize "thamostati imekufa?" Uliza "ilikuwa inafichwa nini?"

Hatua ya tatu: sikiliza ukimya

Buluu imezimika, nyekundu haijawaka, dashibodi imenyamaza. Humu ndimo shemeji yangu alikuwa anaishi bila kujua.

Tafuta nusu saa ya utulivu. Gari liwe limeshapata joto kwa kuendeshwa kidogo, kisha lisimamishe nje pahali wazi, kamwe si ndani ya banda lililofungwa, maana moshi wa ekzosi huua bila harufu ya kukustua. Weka P, vuta hendibreki, zima kiyoyozi. Kiyoyozi kikiwa kimewashwa, feni huzunguka kwa ajili yake na kipimo chote kinaharibika. Acha injini ingurume. Wewe sikiliza.

Baada ya dakika kadhaa utasikia feni ya mbele inaanza, mvumo kama wa jiko la gesi lililofunguliwa ghafla. Kwa magari mengi hapo maji yamefika nyuzi 93 hadi 98 hivi. Itavuma dakika moja au mbili, itanyamaza. Baada ya kitambo itaanza tena. Kuanza na kunyamaza huko ndiyo afya. Hesabu mizunguko mitatu, uridhike.

Feni isiponyamaza kabisa, na hata ukiwasha gari la baridi asubuhi inaanza pale pale, kuna uwezekano mkubwa imeunganishwa moja kwa moja na umeme, au soketi ya sensa ya joto imechomoka na kompyuta imeamua kuiwasha feni muda wote kwa tahadhari. Yote mawili ni viraka. Mtu aliyeweka kiraka alikuwa na sababu, nawe una haki ya kuijua kabla hujaamini gari lake.

Feni isipoanza kabisa, usingoje nyekundu ndipo uamini. Zima. Inaweza kuwa fyuzi, rilei (swichi ya umeme ya feni), mota ya feni au waya ulioliwa na kutu. Na sisi tulio karibu na bahari kutu inatujua kwa majina.

Kuna jambo jingine la kuweka kichwani, litakusaidia hata kumweleza fundi. Gari linalochemsha kwenye foleni au ukitambaa taratibu katikati ya Ngamiani, lakini likipata barabara wazi linatulia, shida yake mara nyingi ni feni. Ukienda mwendo, upepo unafanya kazi ya feni. Lakini linalochemsha kwenye mwendo mkali au mlimani, na mjini halina neno, tazama rejeta iliyoziba, maji yaliyopungua, pampu ya maji iliyochoka, au thamostati isiyofunguka vizuri.

Hatua ya nne: boneti, kila Jumamosi

Injini iwe ya baridi kabisa. Kuna chombo cha plastiki chenye alama mbili, F na L, au FULL na LOW. Maji yake yawe katikati ya alama hizo. Miezi ya kwanza fungua pia kifuniko cha rejeta chenyewe, kwa sababu chombo cha pembeni kinaweza kuwa kimejaa huku rejeta imepungua, hasa kifuniko kikiwa kimechoka na hakivuti tena.

Kifuniko hicho kidharau kwa hasara yako. Kimeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ndiyo presha kinayoizuia ndani. Hapa pwani maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100. Yakiwa chini ya presha hiyo hayachemki mpaka yapite 115. Mpira wake ukikatika presha inatoroka, maji yanachemka mapema, na gari zima linaonekana bovu kwa sababu ya kitu kinachoenea kwenye kiganja. Ukinunua kipya chukua chenye namba ile ile.

Kuhusu cha kujaza, watu wa pwani tuna ugomvi wetu wenyewe. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvichumvi. Maji hayo kwenye rejeta yanaacha gamba jeupe ndani ya vijibomba, kama lile la kwenye birika la chai, na yanakula aluminiamu. Tumia kulanti, yale maji ya rangi yaliyotengenezwa kwa ajili ya rejeta. Watu husema hatuna barafu Tanga, kulanti ya nini? Kazi yake kwetu si barafu: inazuia kutu, inalainisha pampu, na ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi inapandisha kiwango cha kuchemka. Toyota nyingi za miaka ya karibuni hutoka na ya pinki. Usiichanganye na ya kijani kwa sababu tu ndiyo iliyopo dukani. Ukitaka kubadili aina, mwaga yote, suuza, ndipo uweke mpya.

Maji ya kuchanganyia yawe yaliyosafishwa, yasiyo na madini. Ukisema dukani "maji ya betri", hakikisha hawakupi yale makali, ambayo ni tindikali. Makosa haya hutokea, na rejeta haisamehi.

Chini ya gari, tazama sakafu palipolala gari. Doa la pinki, au ukungu mweupe uliokauka kwenye maungio ya mipira, ndio alama ya kuvuja. Maji yakipungua kila wiki na huoni yanakovuja, chomoa kijiti cha oili na ufungue kifuniko cha oili. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamutamu, usiokwisha hata injini ikishapata moto, nao unasema maji yanaingia kwenye silinda. Katika hali zote mbili usiende nalo hata sokoni.

Hatua ya tano: namba kwenye simu

Hii ni fupi. Chini ya usukani kuna soketi ambayo mafundi huchomekea mashine ya kupimia gari. Vipo visomaji vidogo vya Bluetooth vya bei nafuu vinavyochomekwa hapo na kuleta namba za kompyuta kwenye simu yako, mojawapo ikiwa joto la maji kwa nyuzi kamili. Kwa gari lisilo na mshale, hicho kisomaji ndicho mshale wako. Si kila gari la soko la Japani hukubaliana na kila kisomaji, kwa hiyo kijaribu kabla hujalipa. Ukiona linacheza kati ya 82 na 98 kwenye matembezi ya kawaida, uko salama. Likipita 105 na bado linapanda, usisubiri dashibodi ikuambie.

Hatua ya sita: nyekundu imewaka

Sasa ya Hale. Barabara haina mtu, jua la saa nane, na nyekundu inamweka. Akili itakuletea jina la mji unaofuata. Ikataze.

Zima kiyoyozi papo hapo. Ukiwa bado unatafuta pahali pa kuegesha, fungua hita hadi mwisho wa joto, feni ya ndani kasi ya juu, vioo vyote chini. Hita Tanga hatuijui, wengine wamekaa na gari miaka mitano hawajawahi kuigusa, lakini ile ni rejeta ndogo ya pili iliyo ndani ya gari na inaweza kuchukua sehemu ya joto la injini. Utatoka jasho. Na ikiwa umeifungua na inatoa hewa ya baridi huku nyekundu inawaka, ni ishara mbaya: huenda maji yamekwisha kwenye mfumo.

Egesha, zima injini. Hapo hakuna mjadala. Hedi za injini hizi ni za aluminiamu. Zikizidi joto zinapinda, gasketi inayoziba kati ya hedi na injini inaungua, na kilomita chache za "nifike tu" ndizo zinazotenganisha mpira wa shilingi chache na injini nzima. Angalia pia kama taa ya betri imewaka pamoja na nyekundu. Katika magari mengi madogo mkanda mmoja huzungusha jenereta na pampu ya maji. Zikiwaka pamoja, mkanda umekatika au umetoka, na gari hilo haliendi popote bila mkanda mpya.

Mvuke ukitoka, kaa mbali, ngoja utulie ndipo ufungue boneti. Kifuniko cha rejeta usikiguse. Atatokea mtu. Daima hutokea mtu, wa bodaboda au muuza machungwa, mwenye nia njema na kitambaa mkononi, atakwambia, "Fungua, bosi, lipumue." Mshukuru, mkatalie. Maji yaliyo ndani yamepita nyuzi 100 na hayajachemka kwa sababu tu kifuniko kimeyazuia. Ukikilegeza, yanachemka kwa mkupuo mmoja, yanatoka pamoja na mvuke na kukurukia usoni na kifuani. Ngoja nusu saa kwa uchache, dakika arobaini na tano ni bora. Mpira wa juu wa rejeta ukiushika kwa kitambaa na ukabonyea laini, usiwe mgumu kama jiwe, presha imeshuka. Hata hapo, zungusha kifuniko robo tu, sikiliza kama kuna pumzi inatoka, ngoja iishe.

Usimwagie injini maji ya baridi kwa nje. Chuma cha moto kikikutana na maji ya dumu kinaweza kupasuka, na utasikia mlio wake. Unapojaza ndani, jaza taratibu. Kama maji yaliyopo ni ya kisima, weka hayo hayo, siku ya dharura haichagui, ila ukifika mfumo wote umwagwe na kusuuzwa.

Ukijaza na yakatoka chini mbele ya macho yako, tafuta wa kukuvuta. Yakitulia, washa, tazama kama feni inaanza, nenda mwendo wa wastani bila kiyoyozi, na uwe tayari kusimama tena. Taa ikirudi, simama tena. Tena mara ya pili usijaribu, vuta.

Jambo moja lililowaponza wengi: nyekundu kuzimika yenyewe si lazima iwe heri. Sensa ya joto husoma maji. Maji yakiisha kabisa, inabaki imening'inia kwenye hewa na mvuke, inaweza kutoa habari ya uongo, taa ikazimika huku hedi inaiva. Ikiwaka kisha ikazimika na hujafanya chochote, bado egesha.

Hatua ya saba: kwa fundi

Usimwambie "gari linachemsha" ukaishia hapo. Mwambie lilichemsha wapi, kwa mwendo gani, kiyoyozi kikiwa wazi au kimefungwa, feni ilikuwa inafanya kazi au la, maji yalipungua kiasi gani. Kwa maneno hayo tu fundi mzuri ameshapunguza nusu ya kutafuta, na fundi mbabaishaji ameshajua hujalala.

Omba mfumo upimwe kwa presha kabla hujanunua kitu chochote. Kama wanashuku gasketi, kipo kipimo cha dawa kinachowekwa mdomoni mwa rejeta kutazama kama gesi ya ekzosi inaingia kwenye maji. Rangi ya dawa hubadilika. Hedi ikifunguliwa lazima ipimwe kwa rula ya chuma, na ikionekana imepinda ipelekwe kuchongwa. Kuibandika gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kununua safari nyingine ya kwenda gereji. Na thamostati wasikuondolee. Ikibidi simama pale pale mpaka mpya ifungwe.

Ukiwa tayari kwa Mombo

Gari likishapita hatua hizo, mtihani wake kwa watu wa mkoa wetu unajulikana: kutoka Mombo kupanda Lushoto. Ni kama kilomita 33 za kona na mlima, unaanzia chini kwenye joto la bonde na kumalizia kwenye mita 1,400 hivi penye baridi ya kuvaa sweta. Mwendo ni mdogo, upepo hautoshi, injini inabeba uzito wote. Nenda asubuhi. Weka dumu la lita tano la maji safi, kitambaa kinene na glavu. Weka gia ya chini mwenyewe, usiache gari lichague kila kona. Injini izunguke kwa wepesi badala ya kukoroma. Kiyoyozi kifungwe kuanzia mwanzo wa mlima, kwa sababu rejeta yake imekaa mbele ya ile ya injini na inaipulizia joto. Ukifika Soni, karibu na maporomoko, simama dakika tano bila kuzima.

Shemeji alipanda mwezi uliopita, hedi ikiwa imechongwa na thamostati mpya ndani. Alinipigia pale Soni, nikasikia maji kwa nyuma na watoto wakigombania mapera. Hakusalimia. Aliniambia ninyamaze, akasogeza simu karibu na boneti. Feni ilikuwa inavuma. Tukangoja wote wawili, yeye huko mlimani na mimi huku Ngamiani, mpaka ikanyamaza. "Umesikia, shemeji?" Nikamwambia nimesikia, angoje ianze tena.